Madam amewalilia Wachina wa angani

Leo nimefungua mdomo, na sijui kama nimefanya vizuri.

Tulikuwa tunatazama kwenye TV Wachina wakirudi kutoka angani. Yaani Madam na watoto wake wamekaa, mimi nimesimama na sinia ya chai.

Mmoja ni mwanamke. Wamemtoa wakiwa wamembeba.

Madam akafuta machozi. "Maskini! Wiki mbili nzima amefungiwa ndani, mbali na mama yake!"

Nikasema kwa sauti ya chini, "Madam, hata mimi sijatoka nje tangu nifike Jeddah."

Madam akanigeukia. Hata watoto.

"Halas, basi. Ukimaliza vyombo, niletee simu yako."

Naviosha polepole sana.

Mngekuwa ninyi wa group yetu ya nyumbani, mngenyamaza? Nijibuni sasa hivi. Na mama yangu akiuliza, mwambieni niko mzima.

Vimebaki vikombe tu.