Bikoni Nyeupe kwenye Mchoro wa Darasa la Tatu

Ilianza Alhamisi, saa tisa na dakika ishirini alasiri, mwezi wa tisa, wakati ambao huku kwetu Mpimbwe majani yameisha na vumbi linaingia mpaka kwenye chumvi. Saa naijua kwa sababu nilikuwa naitazama ile ya ukutani darasa la tatu, naomba ifike kumi niende nyumbani. Mimi ndivyo nilivyo. Nikisimama mbele ya watu, hata wawe wa miaka minane, natafuta saa.

Mwalimu wa darasa hilo ni shangazi yangu, na ninaishi kwake tangu nianze sekondari. Yeye hana mkono wa kuchora. Akichora kuku ubaoni, watoto wanauliza kama ni birika. Ndiyo maana muhula huu aliniomba, yaani aliniamuru, kila Alhamisi nikitoka shuleni kwetu nipitie pale nimsaidie kipindi cha sanaa.

"Wewe si mdomo huna?" alisema. "Basi fundisha kwa mkono."

Kabla yangu kipindi kilikuwa hivi: mwalimu anachora ubaoni nyumba yenye maua mawili mlangoni, darasa zima linanakili. Ukikusanya karatasi, nyumba ni ileile, maua ni yaleyale, na kijiji kizima hakuna mtu mwenye maua mlangoni. Mimi nilifuta ubao. Sentensi yangu nilikuwa nimeifanyia mazoezi njia nzima, peke yangu, kama mwendawazimu: "Msichore cha ubaoni. Choreni mlichokiona kwa macho yenu."

Wakachora! Mmoja alichora mashine ya kukoboa mpunga na moshi wake. Mwingine alichora mbuzi kafungwa nyuma ya bodaboda, mbuzi anacheka. Lakini aliyenishinda ni binti mmoja anayekaa dawati la dirishani. Kwao ni wafugaji wa Kisukuma, walihamia huku na ng'ombe wao kabla hajazaliwa. Darasani hasemi. Kiswahili anakisikia vizuri, ila kinamkwama kooni, na wenzake wamempa jina la Bubu. Mimi kikinikwama kooni wananiita mpole, labda kwa sababu ni mkubwa.

Siku hiyo alichora nyuma ya karatasi ya mtihani wa zamani, ulimi kautoa pembeni ya mdomo. Alipomaliza, hata waliokuwa wanamtania walikuja kuangalia.

"Bubu kachora ng'ombe wanapumua," mmoja alisema.

Ni kweli, walikuwa wanapumua. Mwekundu mwenye baka jeupe kifuani, mweusi wa pembe moja iliyoinama, ndama wa kijivu kajificha chini ya mama yake. Wanakunywa kwenye dimbwi, na nyuma yao migongo ya viboko imelala kama mawe. Kijana kasimama na fimbo, jezi ya njano. Shangazi alikuja, akaweka mikono kiunoni.

"Hii ndiyo yenyewe! Hii inakaa katikati ya ukuta. Kesho wageni wakiingia, waanze na hii."

Akaipaka uji wa muhogo, ambao ndio gundi yetu, akaibandika ukutani na kuipiga kofi. Uji wa muhogo ukikauka kwenye ukuta wa chokaa, karatasi haitoki nzima. Inachanika na kuacha nyama yake. Yule binti akatabasamu. Meno yake sikuwa nimewahi kuyaona.

Nikasogea niitazame vizuri.

Upande wa chini, mbele kabisa, palikuwa na kinguzo kifupi cheupe. Nakijua. Ni bikoni, alama ya mpaka wa hifadhi. Kando yake mvumo, ule mti mrefu wa jamii ya mnazi, uliokatika kichwa, umebaki shina tupu. Huo nao naujua, kwa sababu mimi ndiye ninayekwenda kuokota kuni upande huo, na ukifika kwenye mvumo usio na kichwa unageuka, huvuki. Bikoni ilikuwa upande huu. Ng'ombe wote walikuwa upande ule.

Na wageni wa kesho, wanaokuja kuangalia michoro ya "Mazingira Yetu", walikuwa watu wa hifadhi.

Yeyote anayeishi huku anajua ng'ombe wakikutwa ndani ya mpaka ni nini kinafuata. Wanaswagwa, wanazuiwa, na familia inaanza kuzunguka ofisi moja hadi nyingine. Nimewahi kuona boma baada ya hapo. Miiba ya uzio ipo, mavi makavu yapo, na baba mwenye nyumba kakaa kwenye kigoda hana cha kuangalia. Sasa hapa palikuwa na mahali penyewe, mti wenyewe, rangi za ng'ombe mmoja mmoja, na kijana na jezi yake. Mtoto alichora alichokiona kwa macho yake. Mimi ndiye niliyemwambia.

Mtu atauliza, si ungemwambia shangazi? Shangazi nampenda, lakini neno likiingia kwake asubuhi, mchana liko ofisi ya walimu. Halafu msimu uliopita ng'ombe waliingia kwenye mpunga wake, ukabaki mabua. Hakujua ni wa nani. Tangu siku hiyo akisikia kengele ya ng'ombe anasonya. Nilitembea nyuma yake mpaka nyumbani nikiwa nimefunga mdomo, naye anaimba.

Jioni, jua likiwa limeshuka, mama yake yule binti alikuja na maziwa kama kila siku, ndoo kichwani.

"Hodi kwa mwalimu!"

"Karibu, mama. Leo binti yako katutoa kimasomaso," shangazi alisema. "Kachora ng'ombe hao, utadhani watatoka ukutani waje kula nguo."

Mama akacheka. "Kaniambia. Eti kawachora wote wa baba yake. Nikamwambia, wenzako hata kuwataja kwa sauti hatuwataji, wewe unawabandika shuleni?"

Nilikuwa nimeshika sufuria, naye mama anapima maziwa kwa kikombe chake cha bati. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa taabu:

"Mama, kachora na bikoni."

Kikombe kikasimama hewani.

"Bikoni gani tena?" shangazi akauliza toka jikoni.

Yule mama alinitazama, na uso uliokuwa unacheka ukazimika. Akamimina maziwa polepole, hakumwaga hata tone.

"Nyie watoto," akasema kwa sauti kubwa, kwa ajili ya jikoni. Kisha akainama kama anafunika ndoo, akaninong'oneza: "Wageni ni kesho?"

"Kesho asubuhi."

"Baba yao hana pengine pa kuwanywesha. Kisima cha huku kimekauka." Akajitwisha ndoo. "Mwanangu, mimi kalamu sijawahi kushika. Wewe ndiye unajua."

Akaondoka. Wali wenyewe ulinishinda. Shangazi akaniuliza kama ni malaria.

Asubuhi niliomba ufunguo, nikasema nawahi kufagia darasa, shuleni kwetu nitafika baadaye. Njiani kila nilichokisikia nilidhani ni gari. Nikapanga nitaichana. Nikapanga nitasema mbuzi waliingia wakaila. Nikakumbuka yale meno, na nikakumbuka pia kwamba tundu katikati ya ukuta litaulizwa kuliko hata mchoro.

Binti alikuwa mlangoni, kakaa kwenye ngazi, baridi imempausha miguu.

"Mwangaluka," akasema, salamu ya kwao ya asubuhi. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu.

"Mama kakutuma?"

Akatikisa kichwa kukubali. Tukaingia. Nikachukua krayoni ya kahawia kwenye kopo, nikasimama mbele ya ukuta, na mkono haukupanda. Mchoro ulikuwa mzuri, na ulikuwa wa kweli, na ulikuwa wa kwake.

"Ulisema tuchore tulichokiona," alisema nyuma yangu. Kiswahili chake kilikuwa safi kabisa, sijui alikuwa anakificha wapi.

"Nilisema."

"Nilikiona."

"Najua ulikiona. Na mimi nakiona nikienda kuni." Nikachuchumaa tukalingana. "Lakini wageni wakikiona, watakwenda kumtafuta kaka yako mwenye jezi."

Alifikiri. Akanipokonya krayoni. Akavuta benchi, akapanda, na ile bikoni nyeupe akaanza kuipandisha, kuipanua chini, kuichongoa juu, kuitia vitundu. Ikawa kichuguu. Kisha mvumo akaurudishia kichwa chake, majani kama feni. Akachovya kidole kwenye masizi ya kopo la kupikia uji wa gundi, jezi ya njano ikawa koti jeusi. Alipofika kwa viboko alisita, akawaacha.

"Hawa siwafuti," alisema. Sikuthubutu kubishana.

Gari lilifika tukiwa bado tunapuliza vumbi la krayoni.

Wageni walikuwa wawili, suruali za kijani, buti. Shangazi aliwaongoza moja kwa moja katikati ya ukuta. Mmoja aliinama. Akaitazama muda mrefu, mpaka nikahisi kojo.

"Aisee. Nani kachora?"

Watoto wote wakaonyesha kidole. "Bubu!"

"Haya, mchoraji. Hapa ni wapi?"

Alinigeukia mimi. Darasa zima likanigeukia, na shangazi, na buti zile. Saa ya ukutani ilikuwa nyuma yangu, sikuwa na pa kutazama.

"Ni mtoni," nikasema. "Upande wa kijiji, chini ya mashamba. Kuna kichuguu pale."

"Na viboko mpaka huko?"

"Wanapanda jioni. Wanakula mpunga wetu."

Mwenzake akacheka, akasema viboko wa huku wana adabu mbaya, na wakahamia kwa mbuzi wa bodaboda. Sauti yangu haikutetemeka. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Shangazi hakuwafuata. Alibaki ameukabili ule mchoro, akasugua kichuguu kwa ukucha. Chini ya kahawia kukatokea weupe kidogo.

"Jana hapa palikuwa peupe," alisema polepole. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi, na nikaona anakumbuka lile neno bikoni alilolisikia toka jikoni. Nikaona pia anakumbuka mpunga wake. Kule mwisho wa darasa buti zilikuwa zinacheka na watoto. Kuita tu kungetosha.

Alilamba kidole gumba, akapaka ile kahawia mpaka weupe ukafunikwa.

"Mikono michafu nyie wawili," akasema. "Nendeni mkanawe, mnaniaibisha."

Nilimshika yule binti mkono tukatoka mpaka kwenye dumu la maji nyuma ya darasa. Nikamimina, akanawa. Akamimina, nikanawa. Kahawia haikutoka yote kwenye kucha. Tuliendelea kusugua mpaka tukasikia gari linawashwa, likageuka, na vumbi lake likaelekea barabara ya Usevya, si upande wa mvumo. Ndipo nikafunga dumu.