Fonti Isiyozimwa

Pale kwetu tunapochapa kadi na vipeperushi, mpanga maandishi wa chumba cha nyuma tunamwita Waziri wa Herufi. Jina nilimpa mimi, mkata karatasi, siku aliyomfukuza mteja kwa ajili ya fonti. Mteja alitaka tangazo la msiba liandikwe kwa herufi za kurukaruka. Waziri akamwambia, "Msiba haurukiruki, ndugu yangu," akamgeuzia mgongo. Bosi ilibidi amfuate mteja mpaka barabarani kumbembeleza.

Kompyuta yake ilikuwa na fonti elfu nne. Zikiwashwa zote kwa mpigo mashine inaishiwa pumzi, ndiyo maana alikuwa na programu ya kuzipanga: orodha ndefu upande wa kushoto, kila jina na kitufe chake. Kazi ikija anawasha mbili tatu anazozihitaji, kazi ikiisha anazizima, kama mtu anayezima taa akitoka chumbani. Moja tu haikuzimwa kamwe. Iliitwa Mama Watoto.

Niliwahi kumuuliza, akasema, "Hiyo ya nyumbani, dada." Mkewe alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na watoto wako mbali, wanapiga simu Jumapili. Mimi na mdomo wangu wote huu, siku hiyo niliufunga.

Kisha akashikwa na mafua makali, bosi akanituma nimpelekee kazi aikague. Ghorofa ya tatu, vyumba viwili, kikombe kimoja mezani. Mlangoni kulikuwa na karatasi imebandikwa: "Funguo umechukua?" Juu ya jiko: "Zima gesi." Dirishani: "Mwavuli!" Pembeni ya kabati la vyombo: "Kula kwanza, hasira baadaye." Zote mwandiko mmoja, wa mwanamke, umelalia kushoto. Nikajua huyu baba keshapata mtu. Nikaanza kutafuta viatu vya kike kwa macho.

Aliniona, akacheka mpaka akakohoa.

"Ni yeye," akasema. "Mama watoto. Zamani nilimpa karatasi ya miraba, ajaze kila herufi mara tatu. Alinung'unika, eti nimemrudisha darasa la kwanza. Nikazigeuza fonti, karatasi yenyewe nikaitupa. Ulikuwa mchezo tu. Sasa kila Ijumaa ananiandikia."

"Unajiandikia," nikasema. Neno lilinitoka kabla sijalipima.

"Maneno yangu," akajibu taratibu. "Mkono wake."

Niliona aibu kweli. Nilipofika chumbani kwangu jioni ile nikatazama kuta zangu, nyeupe pe. Hakuna aliyewahi kunikumbusha kuzima gesi.

Basi bosi akaleta kompyuta mpya. Hapa ndipo Waziri alipoteleza, naye ndiye aliyetuhubiria miaka yote kwamba ile programu haihifadhi fonti, inajua tu zinakokaa. "Ukibeba orodha ukaacha folda, umebeba hewa," alikuwa akisema, na kidole juu. Akahamisha folda zote za ofisi, moja moja, kwa uangalifu wake ule wa kuudhi. Lakini Mama Watoto haikuwa ya ofisi. Aliiweka peke yake, kwenye folda yake, isichanganyike na za wateja. Akaifungua orodha kwenye kompyuta mpya, akaliona jina lake pale pale lilipokuwa siku zote, akatuambia, "Tayari." Mimi na dereva tukaibeba ile ya zamani, tukamkabidhi mnunuzi wa vitu chakavu. Tena nikasema mwenyewe, "Liende, limetujazia nafasi."

Ijumaa akataka kuandika. Kando ya jina kulikuwa na alama nyekundu: herufi zenyewe hazipo.

Alikuja mpaka kwenye mashine yangu ya kukatia, mahali asipofika kwa sababu ya kelele. Uso ulikuwa umemshuka. "Dada, ile kompyuta imekwenda kwa nani?"

Tulikwenda mchana uleule. Mnunuzi alikuwa ameifuta yote siku aliyoichukua, na kumuuzia mpita njia. Nikamuuliza Waziri kuhusu nakala. Nakala ilikuwepo, ndani ya kompyuta ileile. Hakulaani, hakumgombeza mtu. Ningefurahi kama angenigombeza hata mimi.

Njiani kurudi nikajaribu. "Si zipo zile karatasi za ukutani kwako? Zipige picha, uchore herufi upya."

"Nikizichora mimi utakuwa mkono wangu unamwigiza." Tukatembea kidogo. "Na za ukutani nimeshazisoma, dada. Nilitaka aniambie kitu kipya."



Tangu hapo, kila asubuhi anapoifungua ile programu, inamuuliza: fonti moja haipatikani, iondolewe kwenye orodha? Kuna vitufe viwili. Huwa nampelekea kazi za siku saa hizohizo, kwa hiyo naona. Anabofya Hapana, anaanza kazi. Miezi minne sasa, Hapana. Alianza kukonda. Saa ya chakula alibaki kwenye kiti, akisema atakula baadaye, na hiyo baadaye hatukuiona.

Ijumaa moja nilichukua kipande cha karatasi kilichobaki kwenye mashine, nikaandika kwa kalamu ya kuwekea alama: "Kula kwanza." Mwandiko wangu ni aibu tupu, hata daktari angeukataa. Nikakibandika kwenye kioo cha kompyuta yake alipotoka.

Akarudi, akainama kukisoma.

"Huu mwandiko gani, dada?"

"Ndio nilio nao."

Akakibandua. Nikajua kinakwenda kwenye pipa. Akakitia mfuko wa shati, akafunga kifungo, akaendelea na kazi bila kunitazama.

Jumatatu nilimkuta anafungua programu. Ikamuuliza swali lake. Akabofya Hapana. Kisha, macho bado kwenye orodha, akasema, "Jumamosi nilikula kwanza."

"Na Jumapili?"

"Jumapili hukuandika kitu."

Nikarudi kwenye mashine yangu, nikatafuta kipande kingine.