Nesi Kidole na Mkono wa Mke Wangu

Katika chumba cha kusafisha damu yupo nesi mmoja, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, ambaye wagonjwa wanamwita Kidole. Akifika kwenye kiti cha mgonjwa, huweka kwanza vidole viwili juu ya mkono, hufumba macho, hunyamaza. Ndipo aseme, "Leo mambo safi," au, "Leo hapana." Wanamwamini kuliko mashine. Mimi simpendi, lakini nitamweleza kwa haki.

Alianza pale hospitali kama dobi. Miaka tisa alifua mashuka ya wodi, huku kitabu cha kuazima kikiwa wazi juu ya mashine ya kufulia. Jioni alikwenda darasani mpaka akapata cheti cha uuguzi. Mimi pia nilisoma vya kuazima. Ufundi wa saa nilijifunza peke yangu, kwa kuzifungua na kuzifunga. Tofauti ni kwamba kazi yake ipo, yangu imekufa. Zamani mtu alivaa saa ya kutia ufunguo. Ikichelewa dakika mbili aliniletea, akakaa, tukazungumza. Siku hizi anatoa simu mfukoni, anapita hata bila salamu.

Nilichobakiwa nacho ni sikio. Figo za mke wangu zilipokufa, walimpandikiza mrija wa bandia chini ya ngozi ya mkono wa kushoto, unaounga mshipa unaotoa damu moyoni na ule unaoirudisha, ili sindano za mashine zipate pa kuingia. Ndani yake damu huvuma. Kila asubuhi kabla ya chai nililaza sikio juu ya mkono huo.

"Inaendaje, fundi?" aliniuliza.

"Inakwenda."

Miaka miwili hatukukosa hata siku moja. Halafu jina la Kidole likahamia nyumbani kwangu. Kidole kasema nipunguze maji. Kidole kasema nisilalie mkono. Kidole akichoma sindano huisikii.

"Basi hamia kwake," nikasema.

"Ningekuwa na miaka thelathini ningelifikiria," akajibu, akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Ndipo sauti ikabadilika. Ule mvumo mzito ukawa mwembamba, mkali, wenye kukatika. Saa iliyo nzima ndivyo inavyolia: kavu, mapigo yameachana. Saa yenye uchafu ndiyo hukoroma. Nikafurahi, nikamwambia mke wangu mkono haujawahi kuwa mzima hivi. Kwamba sindano zikitolewa damu ilichelewa kukauka, nililiona, nikalipuuza.

Siku ya kusafisha damu, Kidole aliweka vidole, akakaa navyo muda mrefu.

"Mama, hapa palikuwa panatetemeka. Sasa panadunda tu. Mshipa umebana mahali. Tukimaliza, uende kwa madaktari ghorofani leo hii wakautanue, usije ukaziba."

"Nimeusikiliza asubuhi," nikasema. "Unalia vizuri kuliko zamani."

"Unaliaje, mzee?"

"Mwembamba. Safi."

"Samahani, mzee wangu, huo wembamba ndio ugonjwa. Ukibana mdomo wa bomba, maji hupiga mluzi."

Nilielewa palepale. Lakini wagonjwa saba walikuwa wamegeuza shingo, na mgonjwa wa kiti cha dirishani akatamka, "Fundi saa kapotea njia!" Wakacheka. Sindano zilipotolewa nikamwambia mke wangu, "Twende nyumbani, tutarudi keshokutwa." Alimtazama Kidole, akanitazama mimi, akanifuata.

Asubuhi ya pili nililaza sikio. Kimya. Nikasogeza juu, nikasogeza chini, nikabadilisha sikio.

"Inaendaje, fundi?"

Nikamvalisha viatu, tukakimbilia hospitali.

Mkono wa kulia ulikuwa umeshaharibika mwaka wa kwanza wa ugonjwa, kabla hawajahamia huu wa kushoto. Huu ukishindikana, angebaki na mpira wa kupitishia damu shingoni, na shingoni watu hupata maambukizi, wengine hufa. Kidole hakuniambia, "Si nilisema?" Heri angesema. Alisukuma kitanda mwenyewe mpaka mlango wa upasuaji. Daktari alipitisha waya mwembamba, akavuta damu iliyoganda, akajaza puto dogo pale palipobana. Mimi nilikuwa kwenye benchi la korido, nimeshika viatu vya mke wangu.

Baada ya saa mbili Kidole akatoka. "Unavuma, baba. Njoo."

Mke wangu alikuwa macho. Nikainama kulaza sikio, akausogeza mkono.

"Siku ile uliposema twende nyumbani," akauliza, "ulikuwa umeelewa?"

"Nilielewa."

Akamgeukia Kidole. "Basi kuanzia leo nitaupima mwenyewe. Nesi, nifundishe."

Kidole alinitazama kama anayeomba ruhusa, nami sikuwa na ruhusa ya kutoa. Akavishika vidole vya mke wangu, akaviweka panapotetemeka, akasema taratibu, "Hapa, mama. Umeusikia?" Mke wangu akatabasamu jinsi ambavyo sikuwa nimemwona akitabasamu mwaka mzima. Nilisimama mlangoni na viatu vyake mkononi, na Mungu anisamehe, nilimchukia mtu aliyeniokolea mke.