Trip Kumi na Nne za Mchanga

Nalepo Lesikar hana cheo chochote. Hata uzee wa kanisa ulimshinda ndani ya mwezi mmoja, kwa sababu alisimama kikaoni akauliza mbona barua inasema kikao ni saa sita na wazee wanaanza saa nane, na mchungaji akaona heri amrudishe kwaya. Ni mkulima wa vitunguu na mahindi huku chini Nduruma, kijiji cha Ngarolera. Ana mbuzi ishirini na kitu, punda wawili na mume mmoja mpole. Watu wanamwita Mama Mbona. Jina hilo hakulitafuta, lilimfuata lenyewe.

Wengine wanamchoka. Mimi nasema hivi: kijiji kisicho na mtu kama yeye kitaliwa hadi misumari. Huyu mama anasoma kila kitu. Karatasi iliyofungiwa maandazi anaikunjua aisome kabla ya kula. Kibandiko cha dawa ya kuogeshea mifugo anakisoma mpaka jina la kiwanda, kisha anamuuliza muuzaji mbona mwezi wa kuharibika umefutwafutwa. Si mkorofi. Ana hamu tu ya kujua, na hamu hiyo haijawahi kumpa usingizi wa mchana.

Sasa, habari yenyewe ni ya zahanati. Kwa miaka mingi kina mama wa Ngarolera wakishikwa na uchungu walipakiwa kwenye bodaboda kwenda mjini, na wawili walijifungulia njiani. Wananchi wakasema basi, tujenge. Utaratibu wa huku unajulikana: wananchi mnainua boma kwa nguvu zenu mpaka kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, ndipo serikali inaleta fedha za kumalizia. Wanaume wakapewa mawe. Wanawake wakapewa maji na mchanga.

Mchanga uko korongoni, na kenta, yale malori madogo, hazifiki huko. Basi wanawake thelathini, kila mmoja na punda wake wawili, walibeba viroba kila Jumamosi kwa Jumamosi kumi na mbili. Kuna punda mmoja alilala chini katikati ya njia akakataa kabisa, wakamwacha apumzike wakabeba mzigo wake mgongoni. Walipomaliza, fundi Aminieli, Mmeru wa huko juu mlimani, alilizunguka lile fungu akipima kwa hatua, akasema, "Kina mama, hizi ni trip kumi na nne za kenta, na labda na kiroba juu." Walipiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia. Nalepo aliirudia namba hiyo njia nzima kwenda nyumbani. Kumi na nne.

Mwaka huo alikuwa amechaguliwa kwenye kamati ya mapokezi. Ni watu watatu wa kijiji ambao kazi yao ni moja: kifaa chochote kikifika eneo la ujenzi, wao wakione kwa macho yao, wakihesabu, wasaini kwamba kimefika. Siku ya pili yake mtendaji wa kijiji, Yoeli, akaja na fomu.

"Shikamoo mama. Nimeona tuuandikishe mchanga wenu, usionekane kama ulijileta."

Nalepo aliisoma fomu kama anavyosoma kila kitu. Kifaa: mchanga. Kiasi: trip 14. Kisha nafasi ya bei na nafasi ya muuzaji, zote mbili hazina kitu.

"Mbona hapa na hapa pako wazi?"

"Kwa sababu haukununuliwa, mama. Nguvu za wananchi hazina bei."

Jibu lilikuwa tamu, na hapo ndipo alipopigwa. Angejibiwa vibaya angekataa, namjua. Lakini alimwona punda wake ndani ya kitabu cha serikali, akaona Jumamosi kumi na mbili zimetambuliwa, moyo ukajaa. Akasaini kwa wino wa bluu, jina lote, herufi kubwa. Wenzake wawili wakasaini chini yake, kwa kuwa Mama Mbona alikuwa ameshauliza.

Fedha za serikali zilikuja, milioni hamsini. Boma likaezekwa, likapakwa rangi, likawekwa milango. Ukabaki upungufu mmoja: tangi la maji. Chumba cha kujifungulia hakifunguliwi bila maji, hilo kila mtu analijua, na Yoeli akatangaza kwamba fedha zimeisha, tusubiri bajeti ijayo. Wakati huo Simaloi, mke wa mwanawe Nalepo, alikuwa na mimba ya miezi sita. Ilikuwa ya kwanza, na miguu ilikuwa imeshaanza kuvimba.

Taarifa ya mapato na matumizi ilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, nusu imefunikwa na tangazo la chanjo ya ng'ombe. Nalepo alilisogeza tangazo akasoma. Mstari wa tisa: Ununuzi wa mchanga, trip 14, shilingi 1,680,000.

Niwaambie ukweli, kwanza alifurahi, kama mzazi aliyeona jina la mwanawe kwenye orodha ya waliofaulu. Huo hapo mchanga wao. Kisha akarudia neno la kwanza. Ununuzi. Akasimama pale juani, akijiuliza kama labda kulikuwa na mchanga mwingine uliokuja siku aliyokwenda mazishini. Hilo ndilo lililompeleka kwa fundi, si hasira.

Alimkuta Aminieli anapiga lipu nyumba ya mtu. "Fundi, kuna kenta ya mchanga iliwahi kuingia pale zahanati?"

"Ya saruji, ndiyo. Ya mabati, ndiyo. Mchanga mlinipa ninyi, na ukabaki."

"Na tangi la lita elfu tano, pamoja na kulifunga, shilingi ngapi?"

Aminieli aliweka mwiko chini akahesabu kwa vidole. "Milioni moja na laki sita hivi. Ukijua kuongea na mwenye duka, pungufu."

Nalepo alimshukuru akaondoka. Njiani hakumsalimia mtu, na kwa Mama Mbona hiyo ni dalili mbaya.

Yoeli alimpokea vizuri, kwa kweli. Alimpa kiti. Huyu si jambazi wa kufunika uso. Ni kijana anayeimba kwaya, tena kwa sauti nzuri, na mama mzazi wa Nalepo alipofariki ndiye aliyesimamia mazishi. Alipoombwa fomu ya mchanga aliinamia kabati muda mrefu kuliko inavyohitaji kabati kuinamiwa, akaitoa. Sahihi ya Nalepo ilikuwa pale pale, ya bluu. Zile nafasi mbili zilikuwa zimejazwa kwa wino mweusi: bei, na jina la muuzaji ambaye Nalepo hakuwahi kumsikia tangu azaliwe.

"Huyu ni nani?"

"Mama, keti kwanza."

"Nimeketi."

Yoeli akashusha sauti. "Mama, hujui ofisi hii inavyoendeshwa. Kufuatilia zile fedha nimekwenda halmashauri mara kumi na tatu. Mafuta ya pikipiki nani alinipa? Chakula cha wageni waliokuja kukagua boma, nani alilipa?"

"Mbona hukuandika mafuta?"

Yoeli akaivuta fomu upande wake. Akasema, taratibu kabisa, "Nakuheshimu kama mama yangu, ndiyo maana nakuambia. Ukisimama kwenye mkutano useme mchanga haukununuliwa, wa kwanza kuulizwa ni mwenye sahihi. Mimi nilipeleka kilichopokelewa. Aliyepokea ni wewe."

Nalepo aliogopa. Sitampamba hapa. Alipofika nyumbani hakugusa ugali. Hajawahi kuingia kituo cha polisi isipokuwa kuulizia mbuzi aliyepotea. Akilini alimwona mjukuu anazaliwa yeye akiwa mahabusu, na watu wakisema kumbe na yule naye, na mdomo wake wote ule.

Asubuhi, wakikamua mbuzi, akamweleza mumewe yote. Lesikar ni mtu wa maneno matatu kwa siku. Akasema, "Funika kombe, mwanaharamu apite."

"Na tumbo la Simaloi nalo nilifunike?"

Lesikar akaendelea kukamua. Mbuzi akaisha, akavuta mwingine. Kisha akauliza, "Wewe uliandika uongo?"

"Niliandika nimepokea trip kumi na nne."

"Ulizipokea?"

"Nilizipokea. Si nilizileta mwenyewe."

"Basi," akasema Lesikar, na hayo yalimtosha mpaka jioni.

Lakini Nalepo alibaki ameshika kibuyu cha maziwa, akiligeuza lile neno. Alichoandika kilikuwa kweli tangu mwanzo. Kosa lake lilikuwa zile nafasi alizowaachia wengine wajaze. Kulijua hilo hakukumwondolea hofu yote, ila sasa aliweza kuibeba.

Mkutano mkuu wa kijiji ulifanyika uwanja wa shule. Mwenyekiti alisoma taarifa mbio mbio, kama mtu anayemaliza dua ya chakula huku sahani zikipoa, akasema wanaoikubali wanyooshe mikono. Mikono ikaanza kupanda. Wa Nalepo ulipanda pia, lakini na yeye mwenyewe akapanda nao.

"Mwenyekiti, mstari wa tisa."

Watu wakacheka. Mama Mbona huyo. Yoeli alikuwa mezani, akamtazama machoni, akatikisa kichwa kidogo sana.

"Kwenye mstari wa tisa kuna mchanga," akasema Nalepo. "Na kwenye fomu ya mchanga kuna sahihi. Ni yangu. Sitaki mtu akaniulize pembeni, niulizeni hapa. Nilipokea trip kumi na nne, na siukani mkono wangu. Walioleta ni mimi na hawa kina mama, na punda zetu. Sasa imeandikwa tuliununua, shilingi milioni moja na laki sita na themanini. Mimi nauliza tu. Aliyetuuzia ni nani? Kama yupo hapa asimame tumsalimie."

Kicheko kilikatika. Mwanamke mmoja nyuma akasema kwa Kimaa neno ambalo sitaliandika. Mwenyekiti akamgeukia Yoeli, Yoeli akafungua faili, akalifunga. Mikono iliyokuwa juu ikashuka mmoja mmoja, na taarifa haikupita siku hiyo.

Habari za mkutano zilifika halmashauri, na barua yao ikaja wiki ya tatu. Jina la kwanza kuitwa, la Nalepo. Yoeli hakumdanganya katika hilo. Nalepo alivaa nguo za ibada akapanda basi la mjini, akahojiwa saa tatu nzima na mkaguzi aitwaye Catherine, mwanamke mwenye miwani na kikohozi, ambaye hakutabasamu wala hakumtisha. Mwishoni akaambiwa: kusaini fomu yenye nafasi wazi ni kosa. Ataondolewa kwenye kamati ya mapokezi, na hatachaguliwa tena kamati yoyote ya ujenzi.

"Hilo ni kosa langu kweli," akasema Nalepo. Alilia kwenye basi la kurudi, akitazama dirishani ili jirani asione. Uchungu wake haukuwa wa kamati. Alikuwa ameaminiwa na kina mama ishirini na tisa, akasaini kwa sababu alisifiwa.

Fedha zilirudi. Zilirudije, hakuna aliyekuja kutueleza. Tangi likafungwa, na chumba cha kujifungulia kikafunguliwa siku kumi na moja baada ya Simaloi kujifungua mjini, mtoto wa kike, salama, kwa mkopo wa nauli. Na Yoeli? Yoeli alihamishwa.

Alihamishwa! Huku kwetu ukimkuta mbuzi wako kwenye mahindi ya mtu, humwondoi ukamwingiza kwenye mahindi ya jirani. Lakini ndivyo ilivyokuwa, alipelekwa kijiji cha ng'ambo ya mto, na watu wa Ngarolera wakapumua wakasema yamekwisha. Hata Lesikar alisema yamekwisha, na kwake hayo ni maneno mengi.

Nalepo hakupumua. Aliuliza kwa watu wa mnadani: kule ng'ambo wanajenga nini? Akaambiwa madarasa mawili. Boma limefika wapi? Lenta. Mchanga wanautoa wapi? Mtoni, kwa punda.

Jumamosi akapanda bodaboda mpaka kule. Aliwakuta wanawake wanashusha viroba, akauliza nani yuko kamati ya mapokezi. Wakamwonyesha mama mmoja mnene, Fransiska, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe akitoa mchanga kwenye viatu. Wakasalimiana habari za watoto, za mifugo, za mvua. Ndipo Nalepo akasema lililomleta.

"Dada, mimi nimetolewa kamati kama hiyo kijijini kwetu, kwa kusaini vibaya. Nimekuja kukuonyesha nilivyosaini, ili ukiletewa fomu uijue."

Fransiska aliacha kiatu. "Yenye trip?"

"Yenye trip. Bei iko wazi, na muuzaji."

"Aliniambia nguvu zetu hazina bei," akasema Fransiska polepole. "Nimesaini juzi."

Nyuma yao bodaboda ilikuwa imeshageuzwa kuelekea Ngarolera. Nalepo akamshika Fransiska mkono akamwinua kwenye jiwe, akamwita dereva.

"Usiondoke, mwanangu. Tunakwenda halmashauri, na tuko wawili."