Mganga Aliyeachwa Darajani

Majuzi nilipita Voi nikielekea kwa dada yangu Wundanyi. Nilishuka kununua maji tu, lakini miguu ikanipeleka yenyewe hadi mtaa wetu wa zamani. Palipokuwa na duka la jirani yetu sasa wanauza mabati. Nilimwuliza kijana wa pale kama anajua wenye duka walihamia wapi. Enzi hizo hakuwa amezaliwa.

Ngoja nikwambie. Miaka ile ya tisini, jirani yetu mwenye duka, mtu wa pwani, ndiye pekee mtaani aliyekuwa na mashine ya gemu. Shemeji yake aliileta kutoka Arabuni. Binti wa mwenye duka alikuwa rafiki yangu, sote tukiwa na miaka kumi na miwili. Likizo ya Desemba nilikuwa nateka maji, nafagia vumbi jekundu lililorudi kabla sijaweka ufagio chini, namsaidia mama kuponda kimanga cha muhogo na maharagwe, kisha mbio hadi kwao. Chumba cha nyuma ya duka kilinukia iliki na mafuta ya taa. Treni ya mizigo ikipita, picha kwenye televisheni ilitetemeka.

Gemu yenyewe haikuwa ya kupigana tu. Ulikuwa msafiri mwenye wenzake watatu, na kila kijiji watu walikusimamisha: utatusaidia, au utapita? Maneno yalikuwa ya Kiingereza na mimi ndiye niliyeyasoma. Wenzako uliwapa majina mwenyewe. Mmoja wao alikuwa mganga, na rafiki yangu alimpa jina la mama yake, aliyefariki mwaka uliotangulia. Baba yake alipolisikia likitajwa, alisimama mlangoni kidogo, akarudi kupima sukari.

Siku moja mwenye duka alimwita binti yake amsaidie dukani. Nikabaki na padi ya kuchezea mkononi. Tulikuwa tumefika kwenye daraja bovu, na mlinzi akasema watavuka watatu tu. Atakayebaki hataonekana tena. Nilisoma vizuri. Nikasoma tena. Mganga alikuwa dhaifu, hana upanga, kila vita yeye ndiye wa kwanza kuanguka. Na mimi nilitaka kuona ng'ambo. Nikamchagua yeye abaki. Kisha, kwa mazoea, nikasevu, mchezo ukahifadhiwa hapo ulipofika.

Rafiki yangu aliporudi alihesabu wasafiri kwa kidole kwenye kioo.

"Mama yuko wapi?"

Hakusema mganga.

"Nimebonyeza vibaya," nikamjibu.

"Si wewe ndiye unayesoma?"

"Kidole kimeteleza. Haki ya Mungu."

Tulizima, tukawasha. Daraja lilikuwa limeshakatika, na mashine ilikuwa na nafasi moja tu ya kusevu. Alimtembeza msafiri kandokando ya korongo, huku na huku, akibonyeza kila jiwe, alasiri nzima. Mimi nilikaa mikono mapajani, sina la kufanya. Baba yake akaja, akaelezwa.

"Basi anzeni upya, wanangu," akasema kwa upole. "Mwenzio hakukusudia."

Tukaanza upya. Tulipofika pa kumpa mganga jina, aliliacha lile lililokuja na mashine. Hakuniuliza tena. Kesho yake alinitengea mahamri kama kawaida, nami nikayapeleka nyumbani bila kuyaonja.

Kabla ya masika walihama kwenda Malindi. Niliwasaidia kubeba vyombo hadi kwenye lori, nikijiambia safari hii nitasema, nikirudi nitasema. Masufuria yakaisha, magodoro yakaisha. Yeye akanipungia mkono, nami nikampungia.

Wote waliokaa mtaa ule wameondoka au wamezikwa. Nimetafuta, nimeuliza, sina pa kuanzia. Huenda yeye amesahau kabisa. Huenda bado anaamini kidole kiliteleza, na hakuna aliyebaki wa kumwambia ila mimi.