Mgongo wa Bitutu

Upande huu wetu wa Nyamira, uti wa mgongo haukosi mtu wa kuutaja. Wanasiasa wakija wanasema chai ndiyo uti wa mgongo wa kaunti. Mchungaji wetu husema akina mama ndio uti wa mgongo wa kanisa, kisha anawatuma wakapike. Mwuza nyama wa Masimba hukukatia kipande cha mgongo, mfupa mtupu, akakuapia kwamba hapo ndipo penye utamu. Na shemeji yangu Bitutu, mjane wa kaka yangu, ameitwa uti wa mgongo wa kikundi chetu mara nyingi hadi akaacha kushukuru.

Sikatai, anastahili. Tuko watu tisa, mwanamume ni mimi peke yangu, na tunachumiana chai kwa zamu: leo wote kwako, kesho wote kwangu, Jumamosi ni Sabato. Bitutu alikianzisha kikundi alipofiwa, maana chai haikungoja amalize matanga. Majani yakikomaa, karani wa kituo cha kununulia chai hayataki. Na ni yeye aliyetunga sheria: ukikosa zamu mbili, jina lako linafutwa, na hakuna cha sababu. Mkali yule, jamani. Nimewahi kuchuma shavu limevimba kwa jino, kwa kumwogopa tu.

Mwaka jana jirani yetu Persis, akiwa na mimba ya miezi minane, alikosa zamu mbili. Bitutu akamfuta. Chai ya Persis ikawa vichaka. Mimi nilinung'unika moyoni, mdomoni nikanyamaza. Ujasiri wangu huwa hivyo.

Mwezi wa tano mwaka huu, Bitutu aliinama kuinua kikapu, hakuinuka. Tulimpeleka hospitali. Daktari akaiweka picha ya mgongo wake kwenye mwanga, akatuonyesha pingili mbili za chini zilivyosagana. Bitutu akaitazama sana.

"Kumbe ndio huu," akasema. "Miaka yote nasikia ukisifiwa, hakuna aliyewahi kuuliza kama unauma."

"Mama, miezi mitatu usiiname wala kubeba," daktari akamwambia. "Ukibeba, utarudi hapa umebebwa."

Miezi mitatu. Shamba hilo ndilo linalomsomesha binti yake, Cynthia. Bila kikundi, majani yote yangekomaa shambani. Na kwa sheria yake mwenyewe, wiki hiyo hiyo alikuwa ameshakosa zamu mbili.

Tulikutana Jumapili pale kituo cha chai. Wenzangu walikuwa wameafikiana kwamba kwa Bitutu sheria ilale kidogo. Nikasimama kuyasema hayo, na nilikuwa na maneno mazuri. Akanikatiza.

"Keti, shemeji. Siku ya Persis hukusimama."

Niliketi. Iliniuma, kwa sababu ni kweli.

Yeye akashika nguzo. "Sheria hiyo niliitunga nikiwa na mgongo mzima," akasema. "Lakini sitaki huruma. Hapa mezani tunachambua majani mbio mbio, na kila siku karani anaturudishia. Mtu mmoja akikaa hapa akachambua ya wote, hiyo ni zamu yake. Siinami, sibebi. Nipeni kazi hiyo au mnifute."

Tulikuwa karibu kupiga makofi. Hapo Persis akasema kutoka nyuma. Hakuna aliyemwita, alikuwa amekuja tu, mtoto mgongoni.

"Na mimi ningeweza kukaa hapo," akasema, bila kupaza sauti. "Ni tumbo lililokuwa zito. Mikono yangu ilikuwa mizima."

Nikatazama viatu vyangu. Bitutu hajawahi kushindwa kwa maneno, na nilingoja amjibu vibaya.

"Ungeweza," akasema. "Sikuliwaza hilo kwa sababu mgongo haukuwa wangu. Nilikukosea, Persis. Na kila nikipita kwako naviona vile vichaka."

Halafu akatugeukia. "Jina lake lirudi. Kesho mje kwake na mapanga, tukate."

"Kukata vichaka vile ni siku tatu," nikamwambia. "Na chai yako je? Imekaa siku kumi na moja."

"Ikikomaa, ikomae. Yake ilikomaa mwaka mzima."

Tulikata siku tatu. Bitutu hakushika panga. Alikaa mezani kituoni, akachambua kila jani changa tulilochuma kwenye vichaka hivyo kabla ya kukata. Alhamisi ndipo tukafika kwake, na kama nilivyohofia, nusu ya chai ilikuwa imekomaa. Tukachuma sehemu kubwa, tukammwagia mezani. Akaanza kutupa majani yake mwenyewe, makubwa, magumu, lundo kwa lundo, bila kuguna. Karo ya Cynthia ile. Mimi nilitamani kulia.

Karani alipima yaliyopona mezani na hakurudisha hata jani moja. Persis alikuwa amesimama kando akitazama. Akafungua leso, akamtoa mtoto mgongoni, akamketisha kwenye mapaja ya Bitutu.

"Nishikie," akasema.

Kisha akainama, akakitia mgongoni kikapu cha Bitutu, akashika njia ya kwenda shambani kwa Bitutu kuchuma chai iliyobaki.