Pedali Niliyoishusha Duarani

Pedali ile ya gitaa niliinunua kwa hasira. Nilikuwa nimechoka kuachwa na watu. Kabla dhahabu haijawapandisha wazimu vijana wa upande wetu tulikuwa bendi ya watu wanne, tukipiga kwenye harusi na harambee za makanisa kuanzia Susuni kwetu mpaka Busawe, kule Serengeti, na tulijulikana. Kisha mpiga besi akaenda kuchimba Nyakunguru, akasema ni kwa wiki mbili tu. Mwimbaji akamfuata. Nikabaki na mdogo wangu, mpiga ngoma, pamoja na sherehe ambazo nilikuwa nimeshakubali kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mwisho na sisi tukahamia Nyakunguru, maana watu wote walikuwa wamehamia huko na sherehe zikawafuata. Tulipanga chumba kimoja cha mabati, mimi, yeye na vyombo vyetu. Mama alibaki Susuni na shamba lake la mihogo. Siku tunaondoka alinishika mkono akaniambia nisimruhusu mdogo wangu kuingia shimoni. Nilimjibu kwamba huyo ana ngoma zake, shimoni atafuata nini.

Pedali niliipata kwa mtoto wa shangazi yetu aliyeko Migori, ng'ambo ya mpaka, ambaye hupiga gitaa kanisani kwao. Tulikutana Sirari akanifungulia mfuko. Kilikuwa kisanduku cha chuma kizito, chenye vitufe viwili vya kukanyaga na vifundo vya kuzungusha juu yake.

"Na hii sasa huhitaji mtu," aliniambia kwa Kiswahili chao. "Unapiga mara moja tu, inakushikia, inarudia hadi wewe ndio uchoke. Na hii ingine inafanya gitaa ilie ni kama uko ndani ya pango."

Sikusikia sana habari za pango. Nilisikia kwamba sitahitaji mtu, na moyo wangu ukacheka.

Kuijua haikuwa rahisi. Unakanyaga kitufe, unapiga mstari wako wa gitaa, unakanyaga tena, na hapo mstari ule unaanza kujirudia wenyewe huku wewe ukipiga mwingine juu yake. Lakini ukichelewa kukanyaga hata kidogo, au ukiwahi, wimbo mzima unachechemea, na utachechemea hivyo hivyo kila unaporudi. Mimi mguu wangu ulikuwa mzito. Aliyenifundisha ni mdogo wangu. Alikaa mbele yangu kwenye ndoo iliyofudikizwa, akanihesabia kwa kichwa, na nilipokosea aliziba masikio akajifanya anakufa. Kwa siku tisa au kumi alifanya hivyo, bila kuchoka, mpaka mguu wangu ukanyooka. Nilijifunza pia kupiga ubavu wa gitaa kwa kiganja ili utoe mlio wa ngoma, na pedali ikaushika mlio ule kama alivyoushika yeye kwa miaka yote.

"Sasa umepata ndugu asiyekula ugali," alinitania.

"Na asiyechelewa mazoezi," nikamjibu.

Ulikuwa utani. Lakini mimi nina mdomo mbaya tangu utotoni, na utani wangu huwa na mfupa ndani. Alicheka, akainuka kwenda kuchota maji.

Harusi ya kwanza ya Busawe baada ya hapo nilikwenda peke yangu. Sikumwambia asije, ila sikumwambia aje. Alinibebea spika mpaka barabarani, akaifunga nyuma ya bodaboda kwa mpira, akakaza mara mbili. Nilirudi Jumapili nikiwa nimevimba kichwa, maana watu walikuwa wamenizunguka kutazama mtu mmoja anavyopiga kama wanne. Nilimsimulia yote. Jumatatu asubuhi nilimwona anavaa buti za mpira.

"Unakwenda wapi?"

"Duarani. Kuna jamaa anatafuta mtu wa kushirikiana naye." Akaniangalia, wala hakuwa na kinyongo usoni. "Wewe si una mtu tayari."

Nilipaswa kumzuia. Nilijua ahadi niliyompa mama. Lakini nilikuwa na hasira kwamba ameniacha na yeye kama wengine, nikageukia ukutani nikajifanya nimelala.

Duara lao lilikuwa shimo la kushuka kwa kamba, limeegemezwa kwa miti ambayo wachimbaji huiita matimba. Chini kabisa lilikunja kona likafuata mwamba. Walikuwa wawili humo, yeye na yule jamaa, mtu mkimya mwenye watoto watatu. Kwa karibu miezi miwili mdogo wangu alikuwa akirudi jioni amekuwa mweupe kwa vumbi, anakula, anauliza kama pedali haijambo, kisha analala. Kisha mvua zikaja.

Siku yenyewe nilikuwa nafunga vyombo kwenye ua wa bibi harusi, si mbali na mashimo. Ilikuwa mapema, chai ilikuwa bado haijanywewa. Nilisikia ardhi imeguna chini ya miguu yangu, mara moja, halafu nikaona watu wanakimbia wote upande mmoja. Sikuuliza ni duara la nani. Nilikimbia nikiwa na waya wa spika mkononi.

Matimba yalikuwa yamekatika katikati na udongo uliolowa umeshuka. Upande wa juu palikuwa na shimo bado, upande wa chini kifusi. Aliyeongoza uokoaji alikuwa mzee mmoja wa hapo hapo machimboni, msimamizi, mtu aliyekwisha kutoa watu wengi ardhini, wazima na wafu. Alipanga vijana wa kufukua kwa zamu, akaweka pampu ya kuvuta maji, akaweka winchi ya kupandisha udongo, na kila baada ya muda aliinua mkono.

Mkono ule kila mchimbaji anaujua. Ukiinuliwa, pampu inazimwa, winchi inazimwa, watu wanafunga midomo, hata mama anayelia anashikwa. Aliyefukiwa naye anajua. Hapigi kelele, maana kelele inakula hewa. Anangoja mpaka asikie juu kumetulia, kisha anagonga mwamba kwa patasi au jiwe, mara tatu. Mashine zikiwa zinanguruma hata agonge vipi atapoteza nguvu zake bure. Hiyo ndiyo lugha yao, na wageni wote wa machimbo hufundishwa siku ya kwanza.

Mzee aliinua mkono mara ya kwanza. Tukasikiliza. Hakukuwa na kitu. Aliuinua mara ya pili, na mara ya tatu. Kimya. Niliona vijana wawili waliokuwa kwenye kamba wanatazamana, na mmoja akaweka sepetu chini taratibu, akaanza kujifuta mikono. Nilijua maana yake. Wanaanza kufukua maiti, na anayefukua maiti hana haraka.

Nilipiga kelele nikiinama kwenye shimo mpaka sauti ikakauka. Nililiita jina lake, nikamwambia tupo, asilale. Halafu nikaikumbuka pedali, na nikajiona nimepewa akili na Mungu mwenyewe.

Hatua kama kumi kutoka pale palikuwa na duara la zamani lililoachwa. Kuta zake zilikuwa mbovu, hakuna aliyeruhusiwa kushuka, lakini walioyajua mashimo yale walisema chini linakaribiana sana na kona ya akina mdogo wangu. Nilileta vyombo mbio. Nilikaa juu ya udongo nikapiga wimbo ambao yeye na mimi tulikuwa tunafungulia harusi, mstari wa gitaa na juu yake kiganja kwenye ubavu. Nikakanyaga mahali panapotakiwa. Mguu haukukosea. Wimbo ulipoanza kujirudia wenyewe niliiweka pedali na spika ya betri ndani ya ndoo ya kupandishia mawe, nikaishusha kwa kamba mpaka ikagusa chini. Kisha nikachukua sepetu na kuingia zamu.

Sijawahi kufukua vile maishani. Nilisema moyoni kwamba anasikia. Wale vijana nao waliamka, wakawa wanafukua kwa kufuata mdundo, na watu wakaanza kusema, huyu kaka yake ana akili. Nilisikia wakisema hivyo na nikafurahi. Hata pale, katika saa ile, nilifurahi kusifiwa.

Jua lilipokuwa utosini mzee aliinua mkono tena. Pampu ikazimwa, winchi ikazimwa. Gitaa langu likaendelea chini, dogo, pamoja na kile kiganja.

"Mura, kijana wangu, zima hiyo kitu tusikilize," mzee aliniambia.

"Shikamoo mzee, nakuomba," nilisema, na nikaona aibu, maana mtu hasalimii katikati ya kazi kama ile. "Iache. Ikinyamaza atajua tumeondoka. Atakata tamaa."

"Sisikii vizuri nayo."

"Sikiliza juu yake, mzee. Ni ya chini chini tu. Na kuipandisha ni kazi, tutapoteza muda."

Kwa desturi, palipo na mtu kifusini, ndugu wa damu akizungumza hakuna anayependa kumkatalia. Aliweka sikio kwenye shimo, akasikiliza na gitaa langu humo ndani. Alitikisa kichwa, hakuna kitu, akashusha mkono, mashine zikawashwa. Baada ya muda aliuinua tena, akanitazama tu bila kusema. Nilitikisa kichwa kukataa, nikaendelea kushika sepetu. Na mara nyingine tena hivyo hivyo.

Betri ya pedali ndiyo iliyoamua. Jua lilikuwa limeinama, kama saa kumi hivi, mzee alipoinua mkono, na safari hii kukawa kimya kweli. Nilikimbilia ile kamba nikaanza kuivuta nikilia, niibadilishe betri haraka, asije akadhani tumemwacha.

Mzee alinikamata mkono. "Nyamaza!"

Tatu. Ndogo sana, za mbali. Halafu tatu tena.

Watu walilipuka kwa shangwe. Mimi nilipiga magoti nikamshukuru Mungu, nikabusu mpaka buti za yule mzee. Sasa walijua ni upande gani, wakaacha kufukua wima wakakata kuelekea zilikotoka zile sauti. Walifukua bila kupumzika. Asubuhi iliyofuata walimtoa yule jamaa, macho yamefungwa kwa kitambaa, anapumua. Baada yake wakamtoa mdogo wangu. Jiwe lilikuwa limempasua paja, na damu yote ilikuwa imeishia humo.

Nilimpeleka Susuni. Mama hakunilaumu kwa neno hata moja, na ningependa angenilaumu.

Wiki ya tatu baada ya mazishi nilikwenda kumjulia hali yule jamaa. Alikuwa kwao, mguu mmoja umefungwa, mkewe amemwekea uji. Alifurahi kuniona kuliko nilivyotarajia. Alinishika mikono yote miwili.

"Ile gitaa yako, bwana," alisema. "Nisingekuwa hai. Tulikuwa gizani, tumezimia kwanza, sijui muda gani. Ndipo tukaisikia. Mdogo wako alicheka! Damu inamtoka, anacheka. Akasema, huyo ni kaka, hiyo ni pedali yake."

Nilimuuliza walifanya nini.

"Mimi nilitaka kugonga hapo hapo. Nilikuwa na jiwe mkononi. Akanikataza. Akasema tusipoteze nguvu, gitaa ikilia hawatusikii, watadhani ni yenyewe. Akasema kaka anajua. Akifika wakati wa kusikiliza ataizima mwenyewe, tungoje." Alisogeza uji pembeni. "Kila mashine zikizima ananiambia, sasa hivi, kaka anaizima sasa hivi. Tukangoja. Alikuwa amefunga paja kwa shati, lakini ilikuwa inaloa tu."

"Na zile mlizogonga mwishoni?" Nilijisikia nauliza. "Zilikuwa zake?"

"Hapana. Ilipozima alikuwa hawezi tena kushika jiwe. Niligonga mimi."

Mkewe akaingia kuuliza kama nitakunywa uji, nikasema ndiyo, nikanywa. Yule jamaa akanisihi nimsimulie mama yetu, kwamba mwanawe hakufa peke yake, alikufa anasikiliza gitaa la kaka yake, anamwamini. Jumamosi ile nilikwenda Susuni nikamsimulia mama. Aliniomba nirudie, nikarudia, na siku hizi kila mgeni akija ananiita nije nisimulie tena. Huwa nasimulia ndoo, na wimbo, na alivyocheka gizani. Ule mkono wa mzee, na nilivyomjibu, sijausimulia mpaka leo.